Swali la Saba

4 Februari

Mwanangu Karani,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungekwisha kuniamkia kabla sijavuta kiti. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo ni mzima kabisa, jana kanigombeza mara mbili kwa kosa moja. Mwanao Kifaranga ameota yale meno mawili ya mbele na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha, ili tuyaone. Wewe je, kifua kimepoa? Hiyo mashine ya kunakili haikutoi macho?

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza maneno. Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, na jibu mpe yeye yeye.

Kile chumba cha darasa la tatu, ulichosomea wewe na sasa anasomea mwanao, ukuta wake wa nyuma umepata ufa. Kuna mfuko mmoja wa majengo ya shule umetangaza ruzuku. Mwalimu Mkuu alipata habari ofisi ya elimu akaja nayo mbio kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa kamati. Fomu ina kurasa kumi na moja. Wanauliza kuhusu "uendelevu wa mradi", na Mwalimu Mkuu na elimu yake yote alilisoma neno hilo mara mbili. Nikamwambia huo uendelevu tumwachie binti yangu, kazi yake ni kuwachapia watu maandiko ya miradi na lugha ya wafadhili anaijua kama njia ya kwao.

Mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Machi. Kwenye chanzo cha tatizo andika mvua. Mvua za mwaka jana kila mtu ni shahidi. Habari za ujenzi usiziguse. Jengo lile nililijenga kwa mikono hii miaka ishirini na sita iliyopita, na watu hawaniiti Timazi, ile kamba inayofichua ukuta uliopinda, kwa kunipamba.

Ni mimi baba yako.


10 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo, na ya Mama mpelekee huko jikoni. Kifua kimepoa. Macho bado ninayo yote mawili. Nimefurahi kusikia habari za meno, ila habari ya ufa imeninyima raha tangu juzi.

Fomu nimeisoma mstari kwa mstari wateja wakinisubiri. Baba, nikwambie ninayoyaona hapa dukani. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja ambaye maombi yao yamekataliwa. Kwenye andiko lao walikuwa wameomba msaada mara tisa, na hapakuwa na kipimo hata kimoja. Wafadhili wanasoma maandiko mia kwa siku. Hawahurumii, wanapima. Kwa hiyo nijibu haya: ufa una urefu gani na upana gani, unaongezeka au umetulia, wanakaa watoto wangapi chumbani, na picha, si chini ya nne. Halafu swali la saba: msingi una kina gani, na fundi gani anathibitisha. Hilo ni rahisi, fundi si yuko nyumbani.

La mwisho si la fomu. Kifaranga anakaa dawati la wapi? Kama ni la nyuma, mhamishe leo, usingoje kamati.

Mwanao, Karani.


18 Februari

Mwanangu,

Tu wazima. Mama yako anauliza kama unakula au unakunywa chai tu na kujiita mtu mzima.

Shika kalamu. Ufa unaanzia pembe ya dirisha na kushuka ngazi ngazi hadi sakafuni, futi saba na inchi nne. Juu kabisa kidole changu cha shahada kinaingia hadi kiungo cha kwanza, na wewe unavijua vidole vyangu. Nilichora alama mbili za penseli siku ya kupokea barua yako, nikazipima jana. Zimeachana kidogo, unene wa ukucha. Watoto ni thelathini na wanane. Picha kapiga Mwalimu Mkuu, hizo hapa sita.

Madawati tumeyasogeza mbele, sasa mwalimu anafundisha huku mgongo umegusa ubao. Chumba kingine hakuna. Kifaranga yuko mstari wa kwanza, karibu na mlango, na anajiona kapandishwa cheo.

Swali la saba liache. Si muhimu.

Baba yako.


27 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimewatumia jana, siku tano kabla ya mwisho, na stakabadhi ya kupokelewa nimeibandika ukutani mbele ya kompyuta. Andiko limekaa vizuri, najisifu mwenyewe kwa kuwa wewe hutanisifu. Futi saba na inchi nne nimeziweka aya ya kwanza kabisa.

Fomu haikukubali kwenda swali la saba likiwa tupu, ikawa inarudi na maandishi mekundu. Nimeandika: "Taarifa ya fundi itawasilishwa." Umekuwa ukinipimia mpaka unene wa ukucha, Baba, kisha hilo moja ukaniambia niliache. Nimelishangaa kidogo, basi.

Sasa ni kungoja, na mimi kungoja sikuwezi. Kila simu ikilia nadhani ni ya shule.

Karani wako.


29 Aprili

Mwanangu Karani,

Salamu nyingi, na leo ni salamu za furaha. Tumepita mchujo wa kwanza. Shule mia mbili zimeomba, zimebaki ishirini, na sisi tumo. Mkaguzi wao amekuja jana kutazama jengo.

Ungekuwepo ungeona. Tulipata taarifa siku sita kabla, kamati ikakaa hapohapo. Mgeni anatoka mbali, hatuwezi kumpokea kwenye ukuta uliopasuka kama watu wasio na mikono. Wazazi wakaleta chokaa, mwingine saruji nusu mfuko, akina mama wakafagia uwanja mpaka vumbi likaomba msamaha. Ufa niliuziba mwenyewe. Niliupasua ukingoni, nikaumwagia maji, nikaujaza, nikapiga plasta ukuta mzima ili kiraka kisionekane, kisha chokaa mara mbili. Mwanangu, kazi yangu naijua. Hata mimi nikisimama mlangoni siuoni.

Mkaguzi ni kijana mpole, anaandika sana. Aliupapasa ule ukuta, akauliza ufa uko wapi. Nikamwonyesha ulipokuwa. Akatazama picha ulizowatumia, akautazama ukuta, akasema, "Mmejitahidi sana." Alikunywa chai vikombe viwili. Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nadhani mambo yameiva.

Baba yako, mwenyekiti.


3 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea nyuma ya duka nikakaa chini kwenye maboksi ya karatasi. Mwenye duka akaniuliza nani kafariki.

Baba, yule kijana alitumwa kuja kuuona ule ufa. Safari yake yote ilikuwa ni ule ufa. Ninyi mmepaka chokaa ugonjwa siku ya kuja daktari. Alivyosema mmejitahidi hakuwa anasifu, alikuwa anafunga daftari. Nimechapa barua zao za kukataa, nawajua wanavyoanza.

Najua hamkuwa na nia mbaya. Najua mgeni akija kwetu hata panya wanaogeshwa. Lakini hilo silo linalonitetemesha. Zamani ufa ulikuwa unaonekana, na watoto walikuwa wanaukwepa. Sasa ukuta umekuwa mzuri. Watarudisha madawati nyuma, kama hawajayarudisha. Nakuomba, na siku zote huwa sikuombi mambo makubwa, ikwangue hiyo plasta. Watoto watolewe humo. Kama kamati haitaki, Kifaranga asiende shule, nitamfundisha kwa simu hesabu na kusoma mpaka nipate ruhusa ya kuja kumchukua.

Nimekasirika, na bado wewe ni baba yangu. Yote mawili yako pamoja na sijui niyatenganishe vipi.

Karani.


24 Mei

Mwanangu,

Hatujambo kiasi. Mama yako anakusalimu.

Ilivyosema barua yako ndivyo ilivyokuja barua yao. "Baada ya ziara ya ukaguzi imeonekana kuwa jengo liko katika hali ya kuridhisha." Mwalimu Mkuu aliisoma mbele ya kamati, akafika hapo akashindwa kuendelea, nikamalizia mimi. Madawati walikuwa wameyarudisha nyuma siku ya pili tu baada ya mgeni, hilo nalo ulisema kweli. Nimeyasogeza tena. Na ufa umerudi. Umeipasua plasta yangu palepale, siku ya kumi na nane, na sasa kiungo cha pili kinaingia.

Tumeruhusiwa kukata rufaa hadi tarehe 18 Juni, kwa sharti moja: taarifa ya fundi kuhusu msingi. Mwalimu Mkuu alizunguka kwa mafundi wanne. Wote wamekataa. Wote nimewafundisha mimi kushika mwiko, hakuna atakayetia saini kwamba kazi ya mwalimu wake ina walakini. Mmoja alimwambia ni heri akatwe mkono. Zamani ningejivuna kusikia hivyo.

Huko mjini kuna mafundi wasionijua. Mtafute mmoja aandike.

Baba yako.


28 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini unakula.

Fundi wa huku atathibitisha vipi msingi asiouona? Ataandika uongo, na mimi nitauchapa, na mwanangu atakaa chini yake.

Nitakuuliza mara moja tu, na sitakuuliza kama karani. Wewe ni mtu ambaye ukiulizwa saa unataja na dakika. Umepima ufa kwa ukucha, umehesabu watoto, umehesabu hata vikombe vya chai vya mkaguzi. Swali la saba umeliruka mara mbili, na mara ya tatu unataka nimpe mtu mwingine alijibu. Baba, msingi ule una kina gani?

Lolote utakalosema, sitabadilisha jina ninalokuita.

Mwanao.


9 Juni

Baba,

Shikamoo. Dereva wa lori amekuja mara mbili mikono mitupu. Nikikupigia simu anapokea Mama, anasema uko shuleni tangu alfajiri na umekwenda na sururu, na ukirudi huzungumzi. Nikamuuliza sururu ya nini, akasema nikuulize wewe.

Siku tisa zimebaki. Siwazi rufaa tena, nawaza wewe na mwanangu. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Karani.


12 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, zote ulizoniamkia nikawa sijibu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimechimba. Siku ya kwanza nilichimba peke yangu, pembeni mwa ukuta ule, kisha nikafukia, nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako nilikuwa napanda maua. Akaenda zake jikoni, unajua anavyofanya akikukamata. Siku ya pili nikamwita Mwalimu Mkuu, kamati nzima, na wale mafundi wangu wanne. Nikawaambia wasimame ukingoni watazame. Nikachimba mbele yao mpaka sururu ikagota udongo mtupu.

Futi moja na nusu. Ilitakiwa iwe tatu. Kwingine kote katika jengo ni futi tatu, ni ukuta ule mmoja tu. Mwaka ule mawe yaliisha tukiwa tumebakiza upande wa nyuma. Siku ya kufungua shule ilikwishapangwa, wageni walikwishaalikwa, na mimi nilikuwa kijana ambaye watu walikuwa wameanza kumwita Timazi. Nikaona aibu kusema ngojeni. Nikajaza kifusi, nikapandisha tofali, nikasema moyoni nitakuja kurekebisha. Kila mwaka nilikuwa napita pale nasema mwaka kesho. Wewe ulisomea chumba kile nikiwa najua. Kila mvua kubwa ilipopiga ukiwa darasani, nilikuwa natafuta sababu ya kupita shuleni. Ulidhani baba yako anakupenda sana anakuja kukupokea. Nilikuwa nakupenda. Nilikuwa pia naogopa.

Yule aliyesema akatwe mkono alishuka shimoni, akapima tena kwa futi yake mwenyewe, akaitaja namba kwa sauti. Nilimshukuru.

Uenyekiti nimeuacha. Darasa la tatu sasa liko nyumbani kwetu, sebuleni na barazani. Watoto thelathini na wanane, mwanangu. Mama yako ameficha vikombe vyote vya kioo. Kifaranga anawaonyesha wenzake wapi pa kukaa kama mwenye nyumba.

Taarifa ya fundi ni hii hapa nyuma, kwa mkono wangu. Ichape kama ilivyo, usinipambe.

"Mimi ni fundi mwashi niliyejenga jengo hili. Msingi wa ukuta wa nyuma wa darasa la tatu una kina cha futi moja na nusu badala ya futi tatu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mvua haina kosa. Kabla ya ziara ya mkaguzi niliuficha ufa kwa plasta na chokaa ili tusiaibike mbele yake. Kamati haikujua habari ya msingi. Watoto wameondolewa. Ukuta huu utaanguka. Naomba ruzuku itolewe kwa shule, na fundi awe mwingine."

Baba yako.


16 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo na shikamoo.

Nimechapa. Sikuongeza nukta wala sikupunguza. Ilikwenda jana saa nne asubuhi, na mara hii fomu haikurudisha maandishi mekundu. Mwenye duka aliisoma kwenye printa ikitoka, akaniuliza huyu fundi ni nani. Nikamwambia ni baba yangu. Hakunidai hela ya karatasi.

Nimelia, sitaki kukuficha. Nimelia kwa yale unayosema kuhusu mvua, maana nakumbuka, ulikuwa unasimama pale mlangoni umelowa, nami nilikuwa najisikia mtoto wa mfalme kwa wenzangu. Sijui bado nifanye nini na kumbukumbu hiyo. Nipe muda. Lakini jana nilipokuwa nachapa yale maneno "nilijua tangu siku ya kwanza", vidole vilikwenda moja kwa moja, na tangu Februari vilikuwa vinasitasita.

Mwambie Mama avitoe vikombe. Nitamletea vingine.

Mwanao, yuleyule.


5 Julai

Mwanangu,

Tu wazima. Nalitanguliza hilo usome lililobaki ukiwa umetulia. Tu wazima wote, na mwanao ndiye aliyenishikia karatasi hii nilipokuwa naandika tarehe.

Ukuta umeanguka. Jumanne, saa nne na robo asubuhi, pasipo mvua wala upepo. Darasa la tatu walikuwa sebuleni kwangu wakifanya hesabu. Tulisikia kishindo, vikombe vikalia kabatini, kisha vumbi likapanda juu ya paa la shule. Watoto wakataka kukimbilia huko. Nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono huku na huku, hakupita hata mmoja. Nikawahesabu. Thelathini na wanane. Mwalimu wao akaniambia tumewahesabu tayari, mzee, nikamwambia niache, nikaanza upya. Kwa saa ya shule, hicho ni kipindi ambacho wale wa mstari wa nyuma husimama kusahihishiwa daftari. Mwalimu alinitajia majina yao bila mimi kumuuliza, akakaa chini.

Alasiri ileile ilikuja barua ya mfuko. Hawajakubali na hawajakataa. Mkaguzi yuleyule anarudi Jumatatu. Kamati wamekuja na mafagio na mikokoteni, kifusi kiondolewe, panyunyiziwe maji, mgeni asikute fujo. Nimewarudisha wote. Nimekaa kwenye kiti mbele ya lile rundo toka jana, na atakayegusa tofali moja atanigusa mimi kwanza.

Wamechagua mwenyekiti mpya, na amekuja kuniuliza kwa upole kama Jumatatu ningependa kubaki nyumbani nipumzike, yeye atampokea mgeni na kumweleza. Nikamwambia asante. Mgeni atakapouliza nani alijenga, nitakuwa nimesimama hapo.

Baba yako.